Kidari cha Mjomba

Sili nyama ya moshi. Nimeshasingizia vidonda vya tumbo, nimeshasingizia daktari, na mara moja nilisingizia dini, nikaumbuka, kwa sababu aliyenikaribisha alikuwa Mwislamu kama mimi na mbuzi alimchinja mwenyewe. Mwezi uliopita mpangaji mwenzangu aliletewa mzigo kutoka kwao, akaufungua koridoni, na ile harufu ikapita chini ya mlango wangu: mbele moshi mkavu, nyuma yake mafuta yaliyochacha, na nyuma kabisa, kwa mtu anayeijua, kitu chenye utamu kidogo ambacho hakipaswi kuwa na utamu. Badala ya kufungua dirisha nikalifunga. Nikakaa kitandani nimeziba pua kwa kanga, mtu mzima mwenye shahada, na kichwani nipo tena jikoni kwa Bibi, kijijini Mbekenyera, nina miaka tisa.

Watu wa rika langu tuna ugonjwa wa kusifia majiko ya bibi zetu. Tunapiga picha mafiga na sufuria nyeusi, tunaandika kwamba zamani watu walikula vizuri. Mimi huwa nauliza: wewe uliyeandika hivyo, umewahi kukaa chini ya dari la jikoni ukanywa uji? Watu hawapendi swali hilo.

Jiko la Bibi lilikuwa kibanda cha miti na udongo, paa la nyasi, hakina dirisha. Juu ya mafiga, kimo cha mtu aliyeinua mkono, kulikuwa na dari la mianzi, na kwenye dari hilo ndiko ulikokaa mwaka wetu mzima: mahindi ya mbegu yamefungwa kwa maganda yake, majani ya kunde yaliyokaushwa, makopa ya muhogo, dagaa kwenye ungo, na nyama ikiwepo. Moshi ulipanda humo asubuhi na jioni, ukafukuza wadudu, ukaacha masizi yanayoning'inia kama nyuzi. Mianzi ilikuwa myeusi, inang'aa, na siku za joto ilitoa jasho. Ndiyo, jasho. Tone la rangi ya chai ya rangi linajikusanya, linanenepa, linaanguka. Likianguka chini, heri. Likianguka kwenye mboga, Bibi alikoroga.

"Bibi, limeingia!"

"Limeingia nini, mke mwenzangu? Hiyo chumvi."

Nilikuwa nikiishi naye pamoja na kaka yangu Shaibu, kwa sababu mama alikuwa akiuza mitumba sokoni Nachingwea na chumba alichopanga kilitosha kitanda na marobota yake tu. Alikuja kila mwisho wa mwezi, akatuletea sabuni na daftari, akala mboga ya Bibi bila kulalamika, akaondoka. Nilidhani watu wazima hawana ulimi.

Kisa chenyewe kilianza Shaibu alipotoka jando. Kwetu Wamwera mtoto ni wa upande wa mama, na mkubwa wake wa kweli ni mjomba. Mtoto akitoka jando, ukoo wetu huchinja mbuzi, na kidari na mbavu za upande mmoja ni za mjomba wake. Mjomba wetu alikuwa mmoja tu, Issa, mtoto wa kiume pekee wa Bibi, na alikuwa amekwenda Tunduru kuchimba mawe ya thamani. Alituma salamu kwamba atawahi. Hakuwahi. Babu mmoja wa ukoo akasimama badala yake, akamshika Shaibu mkono, akamvika kanzu, akasema maneno yote yanayosemwa. Ilipofika kwenye nyama, yule babu akanawa, akakaa mbali na sahani ya kidari. Nikagundua kwamba kwetu mtu anaweza kuwakilishwa kwenye kila kitu, isipokuwa kula.

"Kwa nini tusile sisi," nikamwuliza Bibi, "halafu akija achinjiwe mbuzi mwingine?"

"Huyo mwingine atakuwa wa jando la nani?"

Mpaka leo naona swali lake halikujibu langu.

Bibi alikipasua kidari kikafunguka kama kitabu, akakisugua chumvi mpaka viganja vyake vikawa vyekundu, akakipachika kwenye vijiti na kukiweka darini, juu ya kuni za mkorosho zilizokuwa bado na maji, zile zenye moshi wa kuchoma macho. Siku tatu za mwanzo, sitaki kuwa mwongo, nilikitamani. Kilinukia. Mafuta yalidondoka kwenye moto, moto ukaruka, mimi na Shaibu tukameza mate. Wiki ya nne kilikuwa na rangi ya kandambili za matairi. Mwezi wa pili kikaanza kujikunja pembeni, mbavu zikatokeza, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba kitu kile kilikuwa kifua cha mtu fulani, hata kama mtu huyo alikuwa mbuzi.

Kila Ijumaa Bibi alikishusha akakianika juani. Kazi yangu ilikuwa kukaa karibu na tawi la mwarobaini kufukuza nzi. Nzi wa nyama kavu si nzi wa kawaida, hawana haraka. Unawapiga, wanahama kidogo, wanarudi palepale kama wenye nyumba. Bibi alikwangua ukungu kwa kisu, unga wa kijani ukaruka, akapaka chumvi mpya, akakirudisha darini huku akiongea nacho kwa Kimwera, sauti ya chini, kama anavyoongea mtu na mgonjwa.

Siku moja akaja Mzee Chilumba kuomba moto wa kiko chake. Mzee Chilumba alikuwa Myao, kwa hiyo mtani wetu, na mtani anaruhusiwa kusema lolote na huwezi kukasirika. Alikuwa akimwita Bibi mke wake mbele ya watu. Akainua uso, akakitazama kidari.

"Nyie Wamwera mna simu ya ajabu," akasema. "Wenzenu wanapanda kichuguu kutafuta mtandao, nyie mnatazama mbavu za mbuzi."

"Toka jikoni kwangu, mzee usiye na haya."

"Natoka, mke wangu. Lakini sikiliza. Ikioza hiyo, usisubiri barua. Chimba kaburi tu."

"Utaanza kuoza wewe!"

"Mimi nina chumvi ya kutosha," akajibu, akajipiga tumbo, akaondoka anacheka.

Bibi naye alicheka mpaka akafuta machozi. Ningesahau, kama nisingeona alichofanya baadaye. Alisubiri mgongo wa Mzee Chilumba upotee kwenye mikorosho, akapanda juu ya kigoda, akainua pua yake hadi kwenye kidari, akanusa. Akanusa tena upande wa pili. Kisha akashusha pumzi.

Mtoto anasikiliza maneno kidogo na anatazama sana. Maneno yalikuwa utani. Kunusa hakukuwa utani. Simu ya Mjomba ilikuwa haipatikani tangu kabla ya jando. Shaibu alipanda kichuguu na simu ya mwenye duka kila wiki, akashuka na jibu lilelile. Basi nikajua, kwa uhakika ambao sijawahi kuwa nao tena kwa jambo lolote, hata chuo kikuu: kidari ndicho kinachojua Mjomba yukoje.

Kisha masika yakaanza. Kuni zililowa, Bibi alishinda shambani akipanda, na moto ukazimika mchana kutwa. Asubuhi moja, ninakunywa uji, kitu kikaanguka ndani ya kikombe. Hakikuwa tone. Kilikuwa kidudu kirefu kama punje ya mchele, cha kahawia, chenye nywele, na kilikuwa kinajaribu kuogelea. Nilikitazama mpaka kikaacha. Bibi alipotoka, nikapindua kinu, nikapanda juu yake, nikachungulia.

Juu kidari kilikuwa kigumu na kikavu. Chini, pale ubavu wa tatu unapoingia kwenye nyama, palikuwa na mpasuko mdogo, na ndani ya mpasuko palikuwa na weupe unaotembea. Funza. Wale wa nywele walikuwa juu juu, wameshatoboa vijishimo na kuacha vumbi kama la msumeno. Hawa weupe walikuwa ndani, wamebanana, wanapanda migongoni mwa wenzao bila sauti. Ule utamu nilioutaja, ndipo ulipokuwa unatoka. Ulinigonga usoni nikashuka kwenye kinu bila kujua nimeshukaje, uji wote ukarudi.

Lakini nilipomaliza kutapika sikuwaza uchafu. Niliwaza: amelala mahali. Ameumia ubavu. Hajafa, kwa sababu nyama nyingine bado ni ngumu, lakini anaumwa, na Bibi akijua, Bibi naye ataumwa.

Nikachomoa njiti kwenye ufagio wa chelewa, nikapanda tena.

Sijawahi kumsimulia mtu sehemu hii yote, na sitaisimulia yote hapa. Niseme tu kwamba funza ukimgusa anajikunja, na ukimvuta anavutika kwanza kabla hajatoka, na kwamba nilikuwa nawaangusha kwenye kopo lenye jivu la moto ambako walitoa mlio mdogo sana. Nilinawa kwa jivu, kwa sabuni, kwa majani ya limau. Jioni nilikaa mbele ya ugali nikatazama vidole vyangu. Sikula. Siku ya tatu Bibi akaamua nina minyoo, akanichemshia mizizi michungu. Nikainywa. Ningemwambia nini?

Nilifanya hivyo kila siku nikitoka shule, kabla hajarudi shambani. Na hapa ndipo imani yangu ilipopata nguvu. Kulikuwa na siku ambazo sikufika mbali, kwa kuwa mkono wangu ulikuwa mfupi au tumbo limegoma, nikaacha wengi ndani. Kesho yake nikichungulia, hawapo. Mpasuko mkavu, una chumvi. Nilishuka kwenye kinu nikaruka ruka peke yangu jikoni. Anapona! Siku nyingine niliwakuta wengi, nikashinda nimenuna, sikwenda kucheza rede, Shaibu akaniuliza nani amekufa nikampiga.

Bibi pia alikuwa na siku zake. Jioni nyingine alirudi shambani, akaweka jembe, akaingia jikoni moja kwa moja, akakaa humo kidogo, kisha akaanza kuimba. Kulikuwa na wiki moja nzima, wakati wa kupalilia, aliyoimba kila jioni. Alitupikia ugali mkubwa. Alimtania Mzee Chilumba kabla Mzee Chilumba hajafungua mdomo. Nami nikijua kwamba nimesafisha vizuri wiki ile, nilimtazama kwa huruma: maskini, haelewi chochote, sisi ndio tunaojua, mimi na kidari.

Mjomba Issa alikuja mchana mmoja kwa bodaboda kutoka Ruangwa, matope mpaka kiunoni, ana kiroba kimoja chepesi. Alikuwa mwembamba hata shati lilionekana limetundikwa. Jino la mbele halikuwepo. Hakuleta jiwe lolote, na hakuna aliyemwuliza. Bibi hakulia. Alimshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza kulia, akamgeuza kushoto, kama anavyokagua kuku wa kununua.

"Chakula chako kipo," akasema.

Akakishusha kidari.

Nilikaa mlangoni nikaona kila kitu. Alikikata vipande kwa panga maana kisu kilishindwa. Akakichemsha. Maji ya kwanza yakawa ya kijivu, yakatoa povu, na juu ya povu vikaelea vitu. Bibi akaviondoa kwa upawa, akavitupa nje, kuku wakaja mbio. Akamwaga maji yale, akachemsha tena, akamwaga, akachemsha tena. Akaunga kwa karanga. Harufu ikabadilika ikawa harufu ya chakula, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote, kwamba karanga zinaweza kudanganya kiasi hicho.

Shaibu akatandika mkeka, akamnawisha Mjomba mikono, kama ilivyotakiwa afanye siku ya jando. Mzee Chilumba alikuwa ameshafika. Mtani hahitaji kuitwa. Bibi akaweka bakuli mbele ya mwanawe, akakaa, akakunja mikono kutazama. Mjomba akakata tonge la ugali wa muhogo, akachovya, akachukua kipande. Kilikuwa kipande cha ubavu wa tatu. Nilikijua kile kipande kuliko nilivyojua kiganja changu.

"Mjomba, usile! Ilikuwa na funza!"

Mkono wa Mjomba ukasimama njiani. Wa kwanza kucheka akawa Mzee Chilumba. "Si nilisema? Si nilisema mimi?"

"Nyamaza, mzee," Bibi akasema, na haikuwa sauti ya utani. Akanigeukia. "Nani kakwambia?"

"Niliwaona mwenyewe. Nilikuwa nawatoa kwa njiti."

"Lini?"

"Kila siku. Nikitoka shule."

"Kila siku?"

"Tangu mvua za kwanza, Bibi."

Nilingoja kofi. Badala yake Bibi alitazama mikono yangu, halafu akatazama yake.

"Na mimi nilikuwa nawatoa," akasema. "Alfajiri, kabla hujaamka. Jioni nikirudi nakuta kweupe, nyama safi. Nikasema, ntu wangu mzima. Ntu wangu kapata nguvu."

Mjomba alikuwa bado ameshika kile kipande. Nadhani alitaka kumsaidia mama yake. Akacheka kidogo, kwa lile pengo lake, akasema, "Mama, mzima wapi? Wakati wa kupalilia mimi nilikuwa nimelala kambini, homa, siku kumi sijui kumi na mbili. Wenzangu walishaanza kuulizana nyumbani kwetu ni wapi, wapate pa kupeleka maiti."

"Wakati wa kupalilia?"

"Ndiyo, Mama."

"Siku hizo nilikuwa naimba," Bibi akasema.

Hata Mzee Chilumba aliangalia chini. Mwanawe alikuwa mbele yake, mzima, anapumua, na uso wa Bibi ulikuwa wa mtu aliyeletewa habari mbaya. Sikuelewa. Nilichoelewa ni kwamba nimeharibu kitu kikubwa kuliko chakula. Ilinichukua miaka kukiona vizuri: kila mmoja wetu alikuwa akisoma mkono wa mwenzake na kudhani anasoma Tunduru. Mimi nilimpa yeye matumaini, yeye akanipa mimi, na kati yetu kulikuwa na nyama iliyooza. Baadaye chuoni, mtu yeyote aliponieleza jambo analoliamini kwa sababu amepata ishara, nilikuwa natamani kumwuliza nani anamsafishia.

Mjomba akatia kile kipande mdomoni.

Akatafuna. Kilikuwa kigumu, kilitoa sauti. Akameza, akachukua kingine. "Ina chumvi nzuri," akamwambia Bibi. "Ongeza mchuzi, Mama." Bibi akaongeza. Akala kidari chote, mbavu zote, akafyonza mifupa mmoja mmoja, machozi yanamtoka na hakuyafuta, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na ugali na mwingine umeshika bakuli. Wengine wangeandika hapa kwamba yalikuwa mapenzi. Huenda. Mimi niliona mdomo uliopakaa mafuta, koo linalopanda na kushuka, na watu watatu wazima wanaojua kila kitu na wanaendelea. Nikatoka nikatapika nyuma ya jiko, kuku wakaja mbio tena.

Siku mbili zilizofuata Mjomba alishinda akienda chooni. Kila akirudi alimwambia Bibi ni maji ya Tunduru, tumbo lilikuwa halijayasahau.

Hakukaa. Baada ya mavuno alirudi machimboni. Miaka mingi baadaye ndipo alipohamia Nachingwea, ambako ana duka la vipuri vya pikipiki na simu yake inapatikana kupita kiasi. Lakini mwaka ule tulikuwa hatujui hayo. Ilipofika Idi, Bibi alichinjisha mbuzi, na kidari akakikata papo hapo, akakitia chunguni pamoja na nyama nyingine. "Kuleni," akasema. Dari likabaki na mahindi na majani ya kunde. Nilikula nyama laini, ya siku hiyohiyo, haikuwa na kasoro yoyote, nikajiona mshindi.

Jioni tulikuwa tunapukuchua mahindi, mimi na yeye. Mvua zilikuwa bado mbali. Kila baada ya muda alikuwa anainua uso kuelekea mlango wa jiko, kisha anaurudisha kwenye gunzi. Mwishowe akaniuliza, taratibu, kama mtu anayemwuliza mwenye elimu:

"Mke mwenzangu, unadhani ntu wangu mzima?"

"Sijui, Bibi," nikamjibu.

Akatikisa kichwa, akaendelea kupukuchua. Aliniuliza tena wiki ile, na wiki iliyofuata, na mimi nikampa jibu lilelile kila mara, kwa sababu lilikuwa kweli. Nimesoma mpaka nikamaliza chuo kikuu na sijapata jibu lililo sahihi zaidi. Lakini kila nikijisikia kichwani nikimjibu vile, mtoto wa miaka tisa, sauti kavu, macho kwenye mahindi, mate yananijaa mdomoni na ninatafuta mahali pa kutema.